Vocha Mkononi, Ufunguo kwa Mwenyewe

Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2010, katika mji mdogo wa East Point unaopakana na Atlanta, watu wapatao 30,000 walijazana kwenye maegesho ya magari ya jengo moja la maduka. Baadhi yao walikuwa wamelala hapo hapo. Kiangazi cha Georgia ni kikali, jua lilichoma tangu mapema, na msongamano ulipozidi watu walianza kusukumana na kuzimia. Makumi walihitaji matibabu. Walikuwa wamefuata fomu. Haikuwa fomu ya kupewa nyumba, wala ya kupewa fedha, bali ya kuandikisha jina kwenye orodha ya kungojea vocha ya kodi. Mamlaka ya nyumba ya mji huo ilikuwa na vocha 455, zote zina wenyewe, na orodha yake haikuwa imefunguliwa tangu 2002.

Kwetu neno vocha humkumbusha mtu kadi ya simu ya kukwangua. Vocha ya East Point haina thamani iliyochapwa juu yake. Ni barua ya mamlaka ya nyumba inayosema, kwa ufupi: familia hii ikimpata mtu wa kuipangisha, nasi tukiikagua nyumba yake na kuridhika, tutamlipa mwenye nyumba huyo sehemu ya kodi kila mwezi. Wamarekani huuita mpango huu Kifungu cha 8. Unahudumia familia zipatazo milioni 2.3, na umedumu kwa nusu karne. Lakini maneno ya mwanzo ya barua hiyo, "ikimpata mtu wa kuipangisha", ndiyo yaliyobeba uzito wote, na ilichukua miaka mingi ya ubishi mpaka yakaandikwa.

Ubishi huo tunaweza kuuanzia jirani tu, Atlanta, miaka 75 kabla ya foleni ya East Point. Tarehe 29 Novemba 1935 Rais Franklin Roosevelt alifika mjini humo kuzindua Techwood Homes, makazi 604 yaliyojengwa kwa fedha za serikali kuu mahali palipokuwa na mtaa wa mabanda. Wapangaji wa kwanza waliingia 1936, na wote walikuwa Wazungu, ingawa kati ya waliobomolewa mabanda yao walikuwamo Weusi pia. Weusi walijengewa mahali pengine. Ubaguzi huo haukuwa kasoro ya Atlanta peke yake. Nchi nzima nyumba za serikali zilianza hivyo, na madhara yake tutakutana nayo tena mbele ya safari.

Mwaka 1937 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya nyumba iliyobeba jina la Seneta Robert Wagner wa New York, mtu aliyezaliwa Ujerumani na kufika Marekani akiwa mtoto. Serikali kuu ingetoa fedha, miji ingeunda mamlaka za nyumba, na mamlaka hizo zingejenga na kupangisha. Waliopinga kwa nguvu zaidi walikuwa wafanyabiashara wa nyumba na viwanja, kupitia chama chao cha kitaifa. Walisema serikali isishindane na raia wake kwa kupangisha. Kama maskini hawawezi kulipa kodi, wapewe hati za kodi, waende nazo kwenye nyumba za watu binafsi ambazo tayari zipo.

Hoja yao ilishindwa mwaka 1937, ikarudishwa mwaka 1949 sheria nyingine kubwa ya nyumba ilipojadiliwa, ikashindwa tena. Lakini hawakutoka mikono mitupu. Sheria ya 1937 iliweka sharti kwamba kwa kila nyumba mpya ya serikali, nyumba mbovu moja iondolewe au ikarabatiwe. Kwa sharti hilo idadi ya nyumba za kupanga haikuongezeka sana, na kodi za watu binafsi hazikushuka. Kikomo kikali cha gharama ya ujenzi nacho kilihakikisha kwamba nyumba za serikali hazitakuwa nzuri kiasi cha kumvuta mpangaji mwenye uwezo.

Matunda yake yalionekana St. Louis. Kati ya 1954 na 1956 mji huo ulikamilisha Pruitt-Igoe, majengo 33 ya ghorofa 11, makazi 2,870. Mchoraji wake, Minoru Yamasaki, ndiye baadaye aliyechora minara pacha ya New York. Sheria ilitaka kodi za wapangaji ndizo zigharimie matengenezo. Wapangaji walipozidi kuwa maskini, na wenye kipato kidogo cha ziada wakahamia vitongoji vya nje, kodi ikapandishwa kwa waliobaki, na majengo yakazidi kuchakaa. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za serikali wa St. Louis waligoma kulipa kodi kwa miezi kadhaa, kwani baadhi yao walikuwa wakitoa zaidi ya nusu ya kipato chao. Mwaka huo huo Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuingia Seneti kwa kura za wananchi, alipitisha marekebisho yaliyosema mpangaji wa nyumba ya serikali asitozwe zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake. Kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 30 mwaka 1981, na ndicho kinachotumika mpaka leo.

Marekebisho ya Brooke yalikuwa ya haki. Yaliacha hata hivyo pengo kubwa kwenye vitabu vya mamlaka za nyumba, na serikali kuu haikuliziba kwa wakati. Mwaka 1972 majengo ya kwanza ya Pruitt-Igoe yakaangushwa kwa baruti. Picha za vumbi lile zilienea dunia nzima, na kwa wanasiasa wengi wa Washington zikawa ushahidi kwamba serikali haifai kuwa mwenye nyumba. Mimi nasoma ushahidi mwingine ndani ya picha zile: nyumba zilizowekewa kikomo cha gharama tangu msingi, kisha zikanyimwa fedha za matengenezo, haziwezi kuishia vingine.

Mwezi Januari 1973 serikali ya Rais Richard Nixon ilisimamisha ahadi zote mpya za ujenzi wa nyumba za ruzuku. Lakini wazo la hati lilikuwa tayari limeanza kupimwa. Tangu 1965 sheria iliruhusu mamlaka za nyumba kukodi nyumba za watu binafsi na kuzipangisha upya kwa maskini. Kisha, kwa idhini ya Bunge ya mwaka 1970, likaanza jaribio kubwa katika maeneo 12 ya nchi. Swali lililowasumbua wengi lilikuwa rahisi, na mwenye busara yeyote angeliuliza: ukiwapa maskini wote wa mji fedha za kodi, wenye nyumba hawatapandisha tu bei na kuzimeza?

Swali hilo lilipelekwa kujibiwa katika wilaya mbili, moja ya Green Bay huko Wisconsin, nyingine ya South Bend huko Indiana. Huko kila familia iliyostahili ilikaribishwa, bila kikomo cha idadi, ili soko lote lisikie uzito wa fedha hizo. Taasisi ya utafiti ya Rand ikafuatilia kwa miaka. Kodi hazikupanda kwa namna ya kuonekana. Familia nyingi hata hazikuhama. Zilibaki zilipokuwa na kurekebisha kile ambacho mkaguzi alikikataa: dirisha lisilofunguka, ngazi isiyo na mahali pa kushikia, choo kibovu. Mara nyingi marekebisho hayo yaligharimu fedha kidogo, na yalifanywa na mwenye nyumba au mpangaji mwenyewe.

Majibu hayo yalikuwa hayajakamilika wakati Bunge lilipoamua. Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974. Siku 13 baadaye, tarehe 22 Agosti, Gerald Ford alitia sahihi sheria mpya ya nyumba na maendeleo ya jamii. Sheria hiyo iliiandika upya sheria ya 1937, na kifungu cha 8 cha maandishi hayo mapya ndicho kilichoupa mpango jina lake. Sehemu moja ya fedha zake ilikwenda kwa wajenzi binafsi waliokubali kupangisha kwa maskini kwa miaka mingi. Sehemu hiyo ya ujenzi mpya ilifutwa mwaka 1983. Sehemu ya pili ilikuwa hati iliyokabidhiwa familia yenyewe ikatafute nyumba. Wafanyabiashara wa 1937 walikuwa wamepata walichokitaka, miaka 37 baadaye.

Tangu hapo utaratibu umebadilika kidogo sana, na inafaa kuutazama kutoka kwenye kiti cha mwenye nyumba. Tuseme anapangisha kwa dola 1,200 kwa mwezi, na mama mwenye vocha ana kipato cha dola 1,500 baada ya makato. Mama atalipa asilimia 30 yake, dola 450. Mamlaka italipa 750 zilizobaki, moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba. Kiwango cha juu ambacho mamlaka inaweza kufikia hutokana na hesabu ya kila mwaka ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, inayokadiria kodi ya kawaida ya kila eneo. Mwenye nyumba anatia sahihi mikataba miwili: mmoja na mpangaji, kama kawaida, na mwingine na mamlaka. Ni marufuku kumtoza mpangaji fedha za pembeni nje ya mikataba hiyo.

Kabla ya yote mkaguzi anakuja. Anafungua mabomba ya maji moto na baridi, anapima kinachotoa tahadhari ya moshi, anajaribu madirisha na kufuli, na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978 na mtoto mdogo ataishi humo, anaangalia rangi inayobanduka isije ikawa na risasi. Nyumba ikikataliwa, inarekebishwa na kukaguliwa upya. Siku zote hizo iko tupu, na mwenyewe halipwi. Ikiwa tayari ina mpangaji wa vocha na ikafeli ukaguzi wa baadaye bila kurekebishwa, mamlaka husimamisha sehemu yake ya malipo.

Kwa hiyo mwenye nyumba ana mizani mbele yake. Upande mmoja kuna kodi inayoingia kwa uhakika, hata mpangaji anapofukuzwa kazi, maana kipato chake kikishuka mamlaka huongeza sehemu yake. Wengi walilishuhudia hilo mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga hoteli na mikahawa. Upande wa pili kuna karatasi, wiki za kungoja, na kuna jambo jingine ambalo halisemwi waziwazi kwenye simu: karibu nusu ya familia zenye vocha zinaongozwa na Wamarekani Weusi, na katika mitaa mingi jina la Kifungu cha 8 limegeuzwa kuwa tusi.

Ubaguzi ule wa 1936 ulirudi mahakamani kupitia Chicago. Dorothy Gautreaux, mpangaji wa nyumba za serikali katika Altgeld Gardens, aliongoza kundi la wapangaji walioishtaki mamlaka ya nyumba ya mji mwaka 1966 kwa kuwajengea Weusi kwenye mitaa ya Weusi tu. Alifariki mwaka 1968, kabla ya hukumu ya kwanza. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba nafuu inaweza kuvuka mipaka ya mji na kuingia vitongoji vya nje. Hati za Kifungu cha 8 ndizo zilizotumika. Hadi 1998 familia zipatazo 7,000 zilikuwa zimehama kwa mpango huo, wengi wakiingia vitongoji ambavyo wazazi wao wasingekaribishwa hata kutazama nyumba.

Mafanikio hayo yalizaa jaribio jingine kuanzia 1994, safari hii kwa bahati nasibu, katika miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia zipatazo 4,600 zilishiriki. Matokeo ya awali yaliwavunja moyo waliotarajia vipato vya wazazi vipande. Watafiti walilazimika kusubiri watoto wakue. Mwaka 2015 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walionyesha kwamba watoto waliohamia mitaa yenye umaskini mdogo kabla ya kufika umri wa miaka 13 walikuja kupata, katika miaka yao ya ishirini na kitu, kipato kilichozidi kwa asilimia 31 kile cha wenzao waliobaki. Sijui takwimu nyingine ya nyumba inayonigusa kuliko hiyo. Mtoto hakupewa chochote ila mtaa mwingine wa kukulia.

Lakini ili mtoto ahame lazima mtu wa mtaa huo akubali kuwapangisha wazazi wake. Mwaka 1987 Bunge lilijaribu kuwabana wenye nyumba wenye majengo ya makazi zaidi ya manne: ukishampokea mpangaji mmoja wa Kifungu cha 8, huwezi kumkataa mwingine kwa sababu hiyo peke yake. Nia ilikuwa njema. Wenye majengo wengi waliisoma sheria hiyo na kuamua kutompokea hata huyo wa kwanza. Sharti lilisimamishwa mwaka 1996 na kufutwa kabisa mwaka 1998, katika sheria ile ile iliyounganisha hati za 1974 na vocha zilizoanzishwa kando yake miaka ya 1980 kuwa vocha moja. Tangu hapo, kwa sheria ya taifa, mwenye nyumba binafsi yuko huru kukubali au kukataa.

Majimbo na miji ikashika njia zake. New York ilipiga marufuku kumkataa mtu kwa sababu ya vocha, mji kwanza mwaka 2008, jimbo zima mwaka 2019. California ikafuata tarehe 1 Januari 2020. Texas ilikwenda kinyume: mji wa Austin ulipopitisha katazo kama hilo mwaka 2014, bunge la jimbo lilijibu mwaka uliofuata kwa kuizuia miji isiwe na sheria za namna hiyo. Mwaka 2018 taasisi ya utafiti ya Urban Institute ilitoa matokeo ya jaribio la kuwapigia simu wenye nyumba. Katika Fort Worth, Texas, asilimia 78 walikataa vocha. Los Angeles, kabla ya sheria mpya, asilimia 76. Washington, ambako kukataa ni kosa, asilimia 15. Sheria basi inasaidia, ingawa haitoshi peke yake, kwani Philadelphia nayo ilikuwa na katazo na bado asilimia 67 walikataa.

Kuna wenye nyumba wanaozitafuta vocha kwa bidii, na habari zao ni ngumu zaidi. Mwanasosholojia Eva Rosen aliishi katika mtaa wa Park Heights, Baltimore, na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2020 kuhusu wenye vocha na wanaowapangisha. Huko kodi za soko ziko chini na wapangaji wengi hushindwa kulipa, kwa hiyo malipo ya serikali yanayoingia kila mwezi ni neema. Wenye nyumba huwavizia wapangaji wa vocha, huwasaidia kuhama, hata huwapa zawadi ndogo. Mama anayehesabu siku za vocha yake, mara nyingi 60 kabla haijaisha muda, atakataaje? Hivyo vocha iliyotungwa impe mtu uhuru wa kuchagua humrudisha kwenye mitaa ile ile. Hesabu ya wizara ilichangia: kiwango kimoja kwa eneo lote la jiji huwa kikubwa kupita kodi ya mtaa maskini, na kidogo mno kwa mtaa wenye shule nzuri. Dallas ilianza mwaka 2011 kupanga viwango kwa kila eneo dogo la posta, baada ya kesi, na tangu 2018 miji mikubwa kadhaa imelazimika kufanya vivyo hivyo.

Atlanta, mji wa Techwood, ulikwenda mbali kuliko wote. Techwood yenyewe ilibomolewa miaka ya 1990, mji ulipojiandaa kwa Olimpiki ya 1996, na kufikia 2011 Atlanta ilikuwa imebomoa karibu nyumba zake zote za serikali za familia. Wengi wa waliohamishwa walikabidhiwa vocha waende kwenye soko. Wale waliojaa jirani, East Point, Agosti ile ya 2010, hata hizo hawakuwa nazo.

Vocha haijawahi kuwa haki kama ilivyo shule ya msingi. Fedha zikiisha, zimeisha. Ni kama familia moja kati ya nne zinazostahili msaada wa serikali kuu ndiyo huupata. Mwaka 2021 Bunge liliongeza vocha 70,000 za dharura kwa wasio na makazi. Mwaka 2025 mamlaka za nyumba zikaarifiwa kwamba fedha za vocha hizo zingekwisha mapema kuliko zilivyotarajiwa. Wenye nyumba nao walikuwa wakipungua. Wizara yenyewe ilieleza mwaka 2018 kwamba katika miaka iliyotangulia karibu wenye nyumba 10,000 walikuwa wakijitoa kila mwaka, na miji kadhaa sasa huwalipa fedha za kuwavutia, au huwawekea mfuko wa kufidia uharibifu.

Siku hizi foleni za miji ya Marekani zina wasemaji wa Kiswahili pia. Mwaka wa fedha 2016 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000, na katika miji kama Louisville na Lexington huko Kentucky Kiswahili ni lugha ya kawaida madukani na makanisani. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaweza kuomba vocha kama raia. Aliyezoea kutoa kodi ya miezi kadhaa mbele na kupeana mikono na mwenye nyumba hukuta hapo utaratibu mwingine kabisa. Jina lake likifikiwa, anapewa barua, tarehe ya mwisho, na fomu ya kuombea kibali cha upangaji.

Fomu hiyo ni fupi. Inauliza anwani ya nyumba, mwaka iliojengwa, kodi inayotakiwa, na nani atalipia umeme, maji na kupasha joto. Mwishoni kuna nafasi mbili za sahihi, moja ya mkuu wa familia, nyingine ya mwenye nyumba. Mpaka zote mbili zijazwe, mkaguzi hatumwi.